Hongera, Umepokea Kiambatisho

Iko nchi moja, si hii yetu. Nasema mapema ili mtu asije akanifuata nyumbani. Nchi hiyo iko mbali sana, upande ambao basi halifiki, na mimi naijua kwa sababu nilikaa huko tangu kuzaliwa. Watu wake ni wapole. Wanaipenda serikali yao, na serikali yao inapenda maboresho.

Huko huwezi kuingia ofisini ukaanza na shida yako. Unaanza na pongezi. Unampongeza Mkuu wa Nchi, unampongeza Waziri, unampongeza mkuu wa ofisi, unampongeza aliyeko mezani, na kama kuna feni unaipongeza kwa kuzunguka. Ukimaliza ndipo unaulizwa, "Una lingine?" Wengi kufika hapo wanakuwa wamekauka mate, wanasema hawana lingine, wanaondoka. Ndiyo maana takwimu za nchi hiyo zinaonyesha kwamba wananchi hawana shida.

Kaka yangu Shaweji hakuwa mtu wa pongezi nyingi, lakini mkorofi hakuwa. Alikuwa fundi baiskeli. Siku moja Mheshimiwa Waziri wa Maboresho alikuja mtaani kwetu kuzindua jiwe la msingi la mahali litakapowekwa jiwe la msingi. Watu wote wakapiga makofi. Shaweji vidole vyake vilikuwa vimenaswa kwenye mnyororo wa baiskeli ya mteja, akachelewa. Alipovitoa akapiga makofi yake kwa bidii, ila wenzake walikuwa wameshanyamaza, akawa anapiga peke yake. Waziri akageuka. Kabla jua halijazama kaka yangu alikuwa ndani, kwa kosa la kupiga makofi ya kejeli hadharani.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alivitazama vile vidole, akaona alama za meno ya gia, akasema mahakama imeridhika kwamba makofi yalichelewa kwa sababu za kiufundi na kwamba nia ya kupongeza ilikuwepo. Aachiwe leo. Mahakama nzima tulisikia. Mkuu wa Gereza, Afande Mchomvu, alikuwepo, akampongeza hakimu. Shaweji akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamchukue, halafu kikohozi kikamkata. Kifua kilikuwa kimemwanza huko ndani. Chumba chao sakafu yake ilikuwa na maji, wanalala kwa zamu juu ya benchi, na yeye alikuwa ameanza kukohoa huku ameshika ukuta.

"Nenda kasonge ugali," akaniambia wakati wanampandisha gari. "Nakuja."

Sheria ya huko ilikuwa kwamba gereza halitendi kwa masikio. Amri inaandikwa, inatumwa kwa barua pepe, imeambatishwa. Karani akatuma tukiwa bado tupo mlangoni. Na mchana ule ule, kwa bahati ambazo nchi ile inazo nyingi, Wizara ikaboresha mfumo.

*

Nilipofika gerezani Afande Mchomvu alinipokea vizuri. Nilipongeza wote, nikapongeza na ua la plastiki lililokuwa mezani, halafu nikasema nimekuja kumchukua kaka yangu.

"Amri imefika, dada yangu. Njoo ujionee mwenyewe, sisi hatufichi kitu."

Akanigeuzia kompyuta. Kweli, jina la kaka yangu lilikuwepo, Shaweji Pazi, na pembeni yake alama ndogo ya kibanio cha karatasi. Akabonyeza mara mbili. Kioo kizima kikawa kijani, na katikati yakatokea maneno: HONGERA, UMEPOKEA KIAMBATISHO.

"Umeona?"

"Nimeona, afande. Sasa kinasemaje?"

"Kinasema hongera."

"Nauliza kilichomo ndani."

"Kilichomo ndani kimo ndani," akasema. Akabonyeza tena, ikaja hongera nyingine.

Baadaye nilikuja kuelewa. Mfumo wa zamani, kitu kikishindikana kufunguka, ulikuwa unasema kimeshindikana, na wakati mwingine unasema kwa nini. Wizara ikaona maneno hayo yanawavunja moyo watumishi. Kwenye maboresho wakaondoa habari mbaya zote, zikabaki pongezi.

"Lakini afande, si ulikuwepo mahakamani? Si ulisikia kwa masikio yako?"

"Nilisikia kama raia. Kama Mkuu wa Gereza bado sijasoma." Akajiegemeza kwenye kiti. "Fikiria mwenyewe, dada. Humo ndani wanaweza kuwa wameandika aachiwe. Wanaweza pia kuwa wamebadili mawazo wakaandika anyongwe. Nikikurupuka nikamwachia, kesho kikafunguka kinasema anyongwe, tutamnyonga nani?"

"Na kikisema aachiwe?"

"Basi tutakuwa tumemtunza. Hakuna aliyepata hasara."

Niliuliza kama alipomwingiza kaka yangu alisubiri kiambatisho. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni. Amri za kuingiza watu, akasema, bado zinapokelewa kwa mdomo, maana maboresho yanakwenda kwa awamu.

*

Siku zikapita. Nikawa nakaa kwenye benchi nje ya geti na kibakuli changu cha uji. Mlinzi wa geti alikuwa Koplo Nyakunga, mtu wa maneno mengi na mahindi ya kuchoma.

"Dada Havijawa, wewe hilo benchi tutakuja kuliandika jina lako."

"Andikeni, afande, mradi mlitume kama kiambatisho."

Alicheka mpaka punje zikampalia. Uji wangu lakini aliupeleka, na akirudi alikuwa ananiambia ukweli. "Ameunywa nusu." Siku nyingine, "Ameulamba tu." Halafu ikafika siku aliyorudisha kibakuli kimejaa, akakiweka benchini bila mzaha wowote, akarudi getini.

Ndipo akaja Mtaalamu. Alitoka Wizarani, jina lake Bwana Erasto, na alikuwa na kompyuta kwenye begi na begi kwenye begi lingine. Alibonyeza kile kiambatisho, akapongezwa. Akabonyeza tena kwa kidole kingine.

"Mmejaribu kuzima na kuwasha?" akauliza.

Hawakuwa wamejaribu. Wakazima kompyuta. Mtaalamu akasema haitoshi, mfumo lazima uzimwe wote. Wakazima taa za ofisi, wakazima pampu ya maji, wakazima redio ya mpishi. Afande Mchomvu, kwa kutaka kutekeleza maelekezo kikamilifu, akauliza kama na wafungwa ni sehemu ya mfumo. Mtaalamu akafikiri, akasema kitaalamu ndiyo.

Basi geti likafunguliwa, wafungwa wote wakatolewa nje, wakapangwa kwenye jua. Nikamwona kaka yangu. Alikuwa hatua chache kutoka kwangu, nje ya gereza, hana pingu, amejifunika begani kigunia. Uso wake ulikuwa umeshuka.

"Havijawa. Tayari?"

"Bado. Wanawasha."

"Aha." Akakohoa, akainama, akashika magoti. "Inachukua muda?"

"Mpya hii inachukua muda kidogo."

"Si neno. Hapa pana jua."

Nilimwambia twende tu, tukimbie. Akaiangalia miguu yake, nami nikaiangalia. Ilikuwa imevimba, haikuwa miguu ya kukimbia. Ndani kompyuta ikalia kamlio kake ka kuamka, na wafungwa wakaambiwa warudi ndani kwa mstari. Kaka yangu akarudi. Mtaalamu akabonyeza, tukasikia watumishi wote wakipiga makofi ofisini, nikajua imekuja hongera.

Bwana Erasto alijaribu mengi, simlaumu. Alikituma kile kiambatisho kwa ofisi nyingine, labda kwao kitafunguka. Ofisi ile ikajibu: hongera, tumepokea. Akakituma Magereza makao makuu, Ardhi, Mifugo, na chuo cha ususi. Mwishowe hapakuwa na ofisi katika nchi ile ambayo haikuwa na amri ya kumwachia kaka yangu, na zote zilikuwa zinampongeza.

Akaja kugundua tatizo, akaniita kabisa anieleze. Mfumo mpya hausomi nyaraka zilizoandikwa kwa mfumo wa zamani. Dawa ni hakimu aandike upya.

Nikaenda kwa hakimu. Nikapongeza. Akanisikiliza, akashika kichwa.

"Binti yangu, siwezi kutoa amri mbili kwa mtu mmoja. Lazima ya pili iambatishwe ya kwanza, ili ionekane inafuta nini. Na ya kwanza haifunguki hata kwangu niliyeiandika." Akashusha sauti, akatazama mlango. "Nimesema haifunguki? Futa hilo. Inaendelea kufunguka."

Wizara, kwa kuwa inajali, ikatoa mwongozo kwa nchi nzima wa namna ya kufungua viambatisho baada ya maboresho. Ulikuja kwa barua pepe. Barua ilisema: Ndugu watumishi, maelekezo yote yamo kwenye kiambatisho.

*

Halafu zikaja habari kwamba Mheshimiwa Waziri atatembelea gereza letu, aone jinsi mfumo ulivyowanufaisha wananchi. Redio ya taifa itakuwepo, itarusha moja kwa moja. Kuta zikapakwa chokaa mpaka usawa ambao Waziri angefikisha macho. Panya wakafukuzwa. Ikabaki kitu kimoja, hapakuwa na mwananchi aliyenufaika.

Afande Mchomvu akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi langu.

"Dada Havijawa, wewe unatufaa. Mtulivu, huna makelele, na watu wamekuzoea. Utasema machache. Kwamba zamani tulikuwa tunateseka, sasa hatuteseki."

"Na kaka yangu?"

"Ukisema vizuri nitaona namna."

Nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi muda wa kutosha kujua kwamba 'nitaona namna' ndilo neno ambalo watu wa huko hulisema wanapoangalia pembeni, na yeye alikuwa anaangalia pembeni. Nikakubali. Niliporudi nyumbani niliwaza nikipaza sauti mbele ya Waziri nikamwambia kaka yangu anakufa humo, redio itazimwa kabla sijafika kwenye neno 'kufa', na jioni tutakuwa wawili ndani. Kusema ubaya hakuna anayekusikiliza. Lakini sifa, nikajiambia, sifa huko hakuna mwenye ubavu wa kuikanusha.

Waziri alikuja na miwani nyeusi na watu wa kumbebea pumzi. Alihutubia. "Ndugu zangu, kuna wanaosema eti viambatisho havifunguki. Nawauliza, aliyefungua macho yake ataona nini? Ataona maendeleo. Sisi hatuangalii kilichomo ndani ya kiambatisho, sisi tunaangalia kwamba kimefika. Nchi ngapi duniani hazina hata cha kushindwa kukifungua?"

Makofi yakapigwa, kwa wakati. Kisha nikaitwa. Nilisema zamani tulikuwa tunateseka. Afande akatikisa kichwa kunitia moyo. Nikasema sasa hatuteseki. Akatabasamu. Hapo ndipo maneno niliyopewa yalipoishia, nikaendelea na yangu.

"Mheshimiwa, mimi ni shahidi. Kaka yangu Shaweji Pazi alikuwa mahabusu katika gereza hili. Amri yake ya kuachiwa ilikuja kwa mfumo wako mpya. Afande Mchomvu huyu hapa alibonyeza mara moja tu, ikafunguka, akaisoma, akamwachia saa ile ile. Kaka yangu yuko nyumbani sasa hivi, anakula ugali na dagaa. Nakushukuru sana."

Waziri alisimama. Alinishika mkono mbele ya redio, akamgeukia Afande Mchomvu, akamwambia, "Umeonyesha njia." Afande alikuwa amekuwa na rangi ya ile chokaa. Akafungua mdomo, akanitazama, akamtazama Waziri, akapiga makofi. Nani angesimama pale aseme kwamba haikufunguka?

Waziri alipoondoka nikamfuata Afande. "Sasa nimchukue?"

"Umchukue nani?"

"Kaka yangu."

"Dada," akasema kwa upole kabisa, "kaka yako yuko nyumbani. Taifa zima limesikia. Nikimtoa mtu hapa leo akiitwa Shaweji Pazi, nitakuwa namwambia Waziri kwamba ulipomshukuru alikuwa hajatoka. Unataka nimwumbue Waziri?"

*

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani sifa itasukuma lango, kumbe ilikuwa imelishindilia.

Kwa kuwa hayupo, walimwondoa kwenye hesabu ya chakula. Wakamvua na sare, maana sare ni ya mfungwa, wakamrudishia shati na suruali yake ya kazini yenye grisi. Nafasi yake kwenye zamu ya benchi akapewa mwingine. Dawa ya kifua, aliyokuwa anapata siku ambazo ipo, ikakoma. Nilipopeleka uji, Koplo Nyakunga hakuupokea.

"Unampelekea nani, dada? Mwenyewe ulisema anakula dagaa."

"Afande, unajua yuko humo."

"Mimi najua mengi. Ninaloruhusiwa kujua ni moja." Akaangalia mahindi yake kana kwamba yana wadudu. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Leo siku ya wageni. Mtaje mtu aliyepo."

Nikamtaja Mzee Ngwali, aliyekuwa chumba kimoja na kaka yangu, na amri yake pia ilikuwa inaendelea kupongezwa. Nikavikwa kadi ya mgeni shingoni, nikaingia.

Shaweji alikuwa amekaa sakafuni, miguu kwenye maji, mgongo ukutani. Mzee Ngwali alikuwa anamshikilia kichwa kisianguke.

"Nilikusikia redioni," kaka yangu akasema. Sauti ilikuwa inatoka kwa vipande. "Redio ya mpishi. Ulisema nakula nini?"

"Dagaa."

"Ungesema kuku. Ulishindwa nini?"

"Nilitaka waniamini."

Akacheka, ikawa kikohozi, na kikohozi kilipopita kulikuwa na damu kwenye kiganja. Akakifuta kwenye suruali, juu ya grisi. Mzee Ngwali akaniambia, "Mwanangu, huyu hamalizi wiki. Na akifa humu hawatakupa hata maiti, maana watakuuliza maiti ya nani."

Kengele ya wageni ikalia. Nikasimama. Nilitazama wale waliokuwa wanatoka, mama na vikapu, mtu na mkewe, wote wanaambiwa harakisheni, wageni nje, wageni nje. Nikamtazama kaka yangu. Hana sare. Hayumo kwenye hesabu. Askari si askari, mfungwa si mfungwa. Huko ndani wanaruhusiwa watu wa aina tatu tu.

"Inuka," nikamwambia.

"Twende wapi?"

"Hukusikia? Wageni nje."

Mzee Ngwali akamsukuma kwa nyuma, mimi nikamvuta. Akaniegemea, tukaenda polepole mpaka getini. Koplo Nyakunga akanyoosha mkono apokee kadi yangu, akatuona, mkono ukabaki hewani.

"Huyu nani?"

"Mgeni, afande."

"Sikumbuki kumwingiza."

"Aliingia kabla ya maboresho."

"Kadi yake?"

"Kadi zimeletwa na maboresho."

Akalifikiria hilo. Nyuma yetu wageni wakaanza kunung'unika kwamba tumeziba njia. Akasema suala hili ni la wakubwa, akamwita Afande Mchomvu.

Afande alikuja amevaa kofia. Alisimama mbele ya Shaweji, karibu, akamtazama usoni muda mrefu. Alikuwa akimwona kila asubuhi tangu aletwe. Akisema huyu ni mfungwa wangu, Waziri ni mwongo. Akisema huyu amevunja gereza akaingia, gereza lake linaingilika. Nilikuwa nimemshikilia kaka yangu kwapani, na moyo wake ulikuwa unadunda kwenye mbavu zangu kama kitu kinachotaka kutoka.

"Bwana," Afande akasema hatimaye, kwa sauti ya ofisini, "ulikuja kumwona nani?"

Nikataka kujibu mimi. Kaka yangu akatangulia.

"Shaweji Pazi, afande."

"Pazi." Afande akarudia jina kama anayelitafuta. "Huyo hayupo hapa. Ameshaachiwa. Hukusikia redio?"

"Nilisikia."

"Sasa ulikuwa unangoja nini? Nenda kwake. Utamkuta nyumbani."

"Ahsante, afande," kaka yangu akasema. Akavuta pumzi, na kwa kuwa ilikuwa ni ofisi, akaongeza, "Na hongera."

Koplo Nyakunga akafungua geti.

Tulitembea na kupumzika, tukatembea na kupumzika. Nilimwambia akishapumzika nyumbani tutakwenda zahanati, akaitikia. Nilimwambia baiskeli za wateja nimezifunika na turubai, akaitikia. Hakuuliza kitu. Kila tulipopita karibu na redio alikuwa anasimama, anasikiliza, halafu tunaendelea. Tulipofika nyumbani niliuweka mkono wake kwenye fremu ya mlango ili ajishikilie, nikaingiza mkono kifuani kutafuta ufunguo.

Yeye akajiweka sawa, akafunga kifungo cha shati, akabisha mlango.

"Hodi," akasema. Akangoja. "Hodi wenyewe. Yupo Shaweji?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ufunguo mkononi, mlango umefungwa, ndani hakuna mtu.